Kasuku wetu ni wa mti

Ndugu msomaji, kama hujafika Kindu, acha tuanze na jina, lisikuchanganye. Mji wetu una komini tatu. Alunguli iko ng'ambo ya mto, upande wa mashariki. Mikelenge na Kasuku ziko upande huu wa magharibi, upande wa gari la moshi. Sisi tunakaa Kasuku. Na kasuku ni yule ndege pia, wa rangi ya majivu na mkia mwekundu, anayepita juu ya nyumba jioni akipiga kelele kama watoto wanaotoka masomoni. Ukisikia katika habari hii kwamba tumechonga kasuku, ujue ni ndege. Komini ni nzito mno.

Habari yenyewe ni juu ya kazi ya mikono ambayo baba, mama ao kijana anaweza kuianza nyumbani bila mtaji mkubwa: kuchonga mti. Sisemi kuchonga kwa kutafuta mkate kwanza. Nasema kuchonga kwa kupenda, saa za jioni, kwa kutuliza kichwa. Najua wasomaji wengi wako Kalima, Punia, Kailo, Namoya na hata mbali zaidi, na wanaijua vizuri ile saa ambapo mikono imezoea kuchimba mchana wote na sasa haijui ifanye nini. Saa ile njo lutuku inauzishwa zaidi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, sikuchimba hata siku moja, lakini saa ile naijua kama ninyi.

MUEMBE WA MAMA

Kwangu ilianza na mvua. Usiku mmoja wa mwezi wa kumi na moja upepo uliangusha muembe mkubwa uliokuwa nyuma ya jiko. Ule mti aliupanda mama yangu, ambaye amekwisha kutangulia. Sisi wote tulikula maembe yake, na watoto wetu vilevile. Asubuhi, kabla sijamaliza kuangalia mabati yaliyopindwa, muuza makala alikuwa amesimama kwenye lupango.

"Mwalimu, huu muti unauzisha bei gani?"

Nilimwambia angoje. Aliondoka, akarudi saa sita, akaondoka tena. Bibi yangu alitaka tuuzishe upesi, mabati yapate kutengenezwa, na alikuwa na haki. Mwishowe tulipatana hivi: matawi yote na sehemu kubwa ya shina viende makala, na mimi nibaki na kipande kimoja cha shina, kirefu kama mguu wa mtu mzima, na matawi machache ya unene wa mkono. Sikujua nitakifanyia nini. Nilisema tu kwamba mti wa mama hauwezi kwisha wote ndani ya babula.

Kile kipande kilikaa kwenye udongo wiki mbili, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Muembe uliokatwa ukiachwa chini wakati wa mvua unashikwa na ukungu wa rangi ya buluu na nyeusi, tena wadudu wadogo wanautoboa na kutoa unga. Aliyeniamsha ni jirani yetu, muzee mmoja, Murega wa upande wa Pangi, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mabati meupe ya Kalima. Wasomaji wazee wanakumbuka jinsi bei ya etain ilivyoanguka duniani mwezi wa kumi mwaka 1985, na jinsi mambo yalivyozidi kuharibika katika machimbo yetu baadaye. Muzee ni mmoja wa wale waliorudi nyumbani na mikono mizima lakini bila kazi. Yeye alirudia kazi ya baba yake, kuchonga.

Aliugeuza ule mti kwa mguu, akaniuliza kama ninautengenezea chakula cha mchwa.

KWANZA MWIKO

Mimi nilikuwa na haraka ya kuchonga kasuku. Kisa chake ni mtoto wetu wa mwisho, msichana wa miaka saba, ambaye alikuwa analilia kasuku wa kufuga. Kuna vijana wanaowanasa kwa gundi mwituni na kuwaleta mjini ndani ya vikapu, na wengi wanakufa njiani. Siku hizi mambo ni makali: tangu mwanzo wa mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imekatazwa na nchi zilizotia sahihi mapatano ya kulinda wanyama. Mtoto wa miaka saba hajui mapatano. Nikamwahidi nitamfanyia kasuku wa mti, asiyekufa na asiyekula mahindi yetu.

Muzee alikataa. "Kwanza mwiko wa bugali," alisema. "Ukishindwa mwiko, kasuku atakushinda."

Basi jioni tatu mfululizo nilichonga mwiko kutoka tawi la mpera. Mpera ni mgumu kidogo, lakini nyuzi zake ni laini na hazitoi ladha mbaya. Mwiko unakufundisha mambo yote: kupasua tawi katikati, kuacha moyo wa mti nje, kupunguza mpini bila kuukata, kuchimba tumbo kidogo, kulainisha. Tena ukiharibika unaingia motoni na chakula kinaiva. Wa kwanza wangu ulikuwa mzito kama kasia. Bibi yangu aliupokea kwa mikono miwili, kwa heshima, na sijauona tena. Wa pili anautumia hata leo.

Jambo nililolielewa pale ni mwendo wa nyuzi. Mti una nyuzi, sawa manyoya ya mbuzi. Ukipitisha kisu kwa kufuata manyoya, ngozi ya mti inatoka laini, inajikunja. Ukienda kinyume, kisu kinazama, kinang'oa kipande usichotaka. Pale unapoona mti unang'oka, usiongeze nguvu, geuza kazi, ujie upande mwingine. Mimi niliongeza nguvu. "Mwalimu," muzee alisema, "unapiga muti sawa unapiga nyoka."

VYOMBO

Usidanganywe kwamba inahitaji sanduku la vyombo kutoka Ulaya. Muzee ana vitu vinne. Kwanza tezo, lile jembe dogo la kuchongea, ambalo chuma chake kilifuliwa na mhunzi kutoka resori ya kamyo iliyovunjika. Kazi ya kupunguza mti yote inafanywa na tezo, na fundi wa kweli anaweza kumaliza karibu sanamu nzima nalo. Pili kisu kifupi, ncha yake si ndefu kuliko kidole. Tatu patasi moja ya mdomo bapa. Nne ni kitu kilichonishangaza: ubavu wa mwavuli wa zamani, ameukata, akaupigilia kwenye mpini wa mti. Ule waya wa mwavuli una mfereji katikati yake, na ukiunoa ncha yake unakata mistari midogo ya manyoya na ya macho vizuri kabisa. Mwavuli wa bibi ukiharibika, usiutupe.

Kunoa njo nusu ya kazi. Watu wengi wanafikiri kisu butu hakina hatari. Ni kinyume. Kisu butu kinakulazimisha kusukuma kwa nguvu, na kikiteleza kinateleza na nguvu yote ile. Tunanoa kwenye jiwe laini la mtoni pamoja na maji, kisha tunapangusa kisu kwenye mshipi wa ngozi, mgongo wa kisu ukitangulia, mara ishirini ao thelathini. Kikiwa tayari kinakata karatasi bila kuipasua.

Nilikuwa nimeambiwa hayo yote, na bado nilijikata. Ilikuwa jioni, taa hafifu, nilikuwa nimeshika kazi juu ya goti na kusukuma kisu kuelekea kidole gumba cha mkono wa kushoto. Damu iliingia katika mti. Muuguzi wa kituo cha afya alinishona pointi tatu akacheka, akauliza kama mwalimu amekosa chaki. Tangu siku ile tunafunga kidole gumba kwa kipande cha shambre ya kinga, mpira ule wa ndani, na hatuchongi juu ya goti. Tunashika kazi juu ya gogo lililokatwa pembe, na mkono unaoshika mti unakaa nyuma ya kisu, kamwe mbele. Nanyi mnaochonga na watoto, anzeni mchana.

MDOMO ULIVUNJIKA

Kasuku wa kwanza nilimchonga kutoka ule mti mwepesi wenye majani kama mwavuli, unaoota upesi katika mashamba yaliyoachwa. Unakatika kama sabuni. Ni mzuri kwa kujifunza, lakini unatoa manyoya manyoya na haushiki mstari mwembamba. Kijana wangu wa pili, wa miaka kumi na tano, ambaye mpaka hapo alipita mbele yetu bila kusalimu, alisimama akaangalia.

"Papa, hii njo kasuku ao ni kuku ya mvua?"

Nilikasirika, halafu nikampa kisu. Huyu kijana alikuwa kichwa changu cha kuuma mwaka ule. Rafiki zake wawili walikuwa wameacha masomo na kwenda kwenye kareri upande wa Kailo. Waliporudi siku ya soko walikuwa na simu na viatu vyeupe. Yeye alikuwa anahesabu siku. Maneno yangu ya mwalimu hayakumwingia tena. Mimi na yeye tulikuwa tumebaki na maneno mawili tu: "umekula?" na "ndiyo".

Yeye njo alichonga kasuku wa pili, kutoka tawi la muembe wa bibi yake. Alichora kwanza ndege wa upande mmoja juu ya karatasi ngumu ya sanduku, akaikata, akaibandika juu ya mti na kupita pembeni na makala. Akaondoa vilivyozidi. Mgongo ulitoka vizuri, mkia vizuri. Jioni ya tano, alipokuwa anatengeneza mdomo, ulivunjika. Akatengeneza mwingine mfupi zaidi, nao ukavunjika. Akatupa kisu.

Muzee aliokota ndege, akamweka mkononi, akatuonyesha. Nyuzi za mti zilikuwa zinapanda kutoka miguu mpaka kichwa. Mdomo ulikuwa umetoka mbele, kuvuka nyuzi, kwa hiyo ulishikwa na nyuzi fupi fupi tu, kama biskuti. Kitu chochote chembamba kinachotoka kuvuka nyuzi kitavunjika, leo ao kesho. Ama uchague mti ili nyuzi zifuate kile kitu chembamba, ama umfanye ndege ainamishe kichwa, mdomo ulale juu ya kifua na ushikane nacho.

Kisha akasema jambo ambalo limebaki nami. Mkitazama sanamu za wazee wetu, alisema, mikono iko wapi? Iko juu ya tumbo. Miguu imekunjwa, shingo ni nene. Watu wa mbali wanasema wazee hawakujua kuchora mtu. Walijua. Walijua pia kwamba sanamu itashikwa, itapakwa mafuta, itafungwa ndani ya mfuko na kusafiri, na mkono uliotoka nje ungekatika safari ya kwanza. Hiyo si sababu peke yake, mimi naongeza, kwa kuwa kila taifa lilikuwa na desturi yake ya umbo. Lakini tangu siku ile siangalii tena sanamu ya zamani bila kutafuta nyuzi zake zinakwenda wapi.

BWAMI NA BUSOGA

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa maana vijana wengi wa Maniema hawaambiwi. Kazi za Warega ni kati ya kazi za mikono zinazojulikana sana duniani. Ziko katika jumba la Tervuren kule Ubelgiji, ziko Marekani, na mwaka 2001 jumba la Fowler la chuo kikuu cha Los Angeles lilifanya maonyesho makubwa ya kazi hizo peke yake. Zilikuwa mali ya bwami, ule ushirika wa vyeo ambao mtu alipanda ngazi kwa ngazi, pamoja na mke wake, mpaka kindi, cheo cha juu kabisa. Mbelgiji Daniel Biebuyck alikaa kati ya Warega miaka ya 1950 akaandika juu yao. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1973. Anaeleza kwamba kila kitu kidogo, sanamu ao kinyago, kilikwenda na methali yake. Kile kinyago kidogo chenye ndevu, lukwakongo, hakikuvaliwa usoni tu. Kiliwekwa juu ya paja, kilitundikwa kwenye uzio, kilivutwa kwa ndevu zake chini, kadiri methali ilivyotaka. Na neno lao busoga linasema uzuri wa macho na wema wa moyo kwa mara moja.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilikataza bwami. Vitu vingi vilifichwa, vingi vilichukuliwa, vingine viliuzishwa baadaye kwa bei ya chumvi kwa wapita njia. Muzee alikuwa na moja ya babu yake. Aliiuzisha mwaka mmoja wa njaa kwa mtu mwenye gari, kwa pesa iliyolipa shule ya mtoto mmoja kwa muda mfupi. Hasemi sana juu yake. Mimi nilimwuliza mara moja, sikurudia.

Kijana wangu yeye aliuliza kitu kingine. Amesikia kwamba vinyago vinauzishwa vizuri Bukavu na Goma kwa wageni. Akamwomba muzee amfundishe iginga, zile sanamu ndogo za watu wa kindi, kisha wazipake moshi zionekane za zamani. Muzee alinyamaza muda mrefu. Akasema baba yake alichonga zile kwa sababu wenye cheo walimwagiza, na wakati ule mchongaji hakuwa mwenyewe wa kitu. Yeye mwenyewe hakufika kindi. Hawezi kumfundisha mtoto kitu ambacho hana ruhusa nacho, na kukipaka moshi kwa kudanganya ni wizi mara mbili. "Tengeneza kitu yako," akamwambia. Kijana alikunja uso siku mbili. Mimi nilikuwa upande wa muzee, lakini sitaficha kwamba niliwaza bei ya mabati.

Kuna wachongaji ambao kazi yao ilibaki na sura yao. Frans Olbrechts, Mbelgiji mwingine, katika kitabu chake cha mwaka 1946, alikusanya kazi zenye nyuso ndefu za huzuni zilizotoka upande wa Buli, kaskazini ya Katanga ya zamani, akasema hizi zinatoka mkono mmoja. Leo watu wanafikiri huenda mikono ilikuwa miwili. Jina moja lilihifadhiwa: Ngongo ya Chintu. Alichonga viti vinavyobebwa juu ya kichwa cha mwanamke aliyepiga magoti. Mtu wa karibu yetu, wa mto uleule unaopita hapa Kindu.

Na kama unafikiri kazi hii ni ya kuzaliwa nayo tu, sikia habari ya Mutisya Munge, Mukamba wa Wamunyu, katika Kenya. Alichukuliwa kutumika katika vita ya kwanza ya dunia, akafika Tanganyika, akaona Wazaramo wanachonga. Aliporudi kwao alianza kuchonga nyumbani na kufundisha watu wake. Kutoka kwa yule mtu mmoja kijiji kizima kilikuwa cha wachongaji, na Wamunyu inajulikana mpaka leo. Lakini waliponunuliwa sana walimaliza miti mizuri ya mwitu, mpingo na muhugu, ikabidi kurudi kwenye muembe, mwarobaini na jakaranda. Muembe uliokwisha kuzaa, uliokuwa unangoja kuwa makala, njo ukawa mti wa sanamu. Nilifurahi kusikia hivyo, nikafikiri juu ya mama.

Pembe ya tembo usiiguse. Wazee waliichonga, ni kweli, lakini tangu mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kufunga biashara yake, na mwenye kukamatwa nayo leo hatasaidiwa na maneno ya desturi.

KUKAUSHA, NA VUMBI

Tuje kwa jambo linaloharibu kazi za wengi. Mti mbichi umejaa maji. Ukikauka unapungua, na haupungui sawasawa: kuzunguka shina unapungua karibu mara mbili kuliko kutoka nje kuelekea moyo, na kwa urefu karibu haupungui. Kwa hiyo gogo la duara lenye moyo wake katikati lazima lipasuke. Dawa ni kulipasua mwenyewe kabla halijajipasua, kupitia katikati ya moyo. Miisho miwili upake nta ya mshumaa ao rangi ya zamani, kwa sababu maji yanatoka upesi zaidi kwenye miisho na pale njo nyufa zinaanzia. Uweke kivulini, juu ya vijiti, hewa ipite chini. Wafundi wanahesabu karibu mwaka mmoja kwa kila unene wa sentimita mbili na nusu. Vitu vidogo, kama mwiko na ndege, vinachongwa vikiwa vibichi, maana mti mbichi ni laini, kisha vinaachwa vikauke polepole ndani ya mfuko wa karatasi ao katikati ya vumbi lao wenyewe la mti. Muzee anaviweka juu ya utara wa jiko, mbali kidogo na moto. Moshi unafukuza wadudu na kutoa rangi nzuri. Hiyo si kudanganya, ni jiko tu.

Kulainisha, tunatumia majani. Ule mti wa majani makavu kama ulimi wa paka, ndugu wa mtini, unaitwa msasa, na karatasi ya dukani ilichukua jina lake kwake. Majani yake makavu yanalainisha mti vizuri, na hayaulizi pesa.

Mwisho mafuta. Kosa letu la pili: tulipaka mawese. Mawese hayakauki, yanabaki yananata, yanakusanya vumbi na kuoza harufu. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa, ikapakwa ikiwa moto na kusuguliwa na kitambaa, inakaa vizuri.

Vumbi sasa. Ninyi wa machimbo hamhitaji kufundishwa kwamba vumbi linaingia kifuani na halitoki. Basi vumbi la mti nalo msilidharau. Mwaka 1995 ofisi ya kimataifa ya kuchunguza kansa, ya Shirika la Afya Duniani, ilithibitisha kwamba vumbi la mti linaweza kuleta kansa ya pua kwa wale wanaolivuta kwa miaka katika kazi. Mchongaji wa jioni havuti kama mtu wa kiwanda, na kisu hakitoi vumbi bali maganda. Vumbi liko kwenye kulainisha. Lainisha nje, upepo ukiwa mgongoni, kitambaa cha maji kikiwa puani, na usifagie kikavu ndani ya nyumba wanamolala watoto.

KIANGAZI

Mtoto wetu alipata kasuku wake. Ni wa tatu, wa muembe, amelaza mdomo juu ya kifua kama anayewaza. Mkia wake kijana aliupaka udongo mwekundu. Anakaa juu ya dirisha, na msichana anamfundisha kusema, akisema mwenyewe kwa niaba yake.

Ilipofika likizo ya mwezi wa saba, kijana alikwenda kareri. Sikumpa ruhusa, aliondoka alfajiri na rafiki zake. Mama yake hakulala. Juma la tatu alirudi na homa, amekonda, pesa kidogo mfukoni. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Hakuniachia nafasi. Aliketi akanieleza kwamba kuchimba hakukumlipa kitu, lakini siku ya pili mpini wa nyundo wa mtu ulivunjika, akauangalia, akaona nyuzi zimekwenda kombo. Akatafuta tawi lililonyooka, akalipasua, akachonga mpini mpya ambao nyuzi zake zilitoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Haukuvunjika. Kesho yake waliletwa wengine wawili, kisha majembe. Pesa yote aliyorudi nayo ilitoka kwenye mipini.

Amerudi darasani mwezi wa tisa. Anasema likizo ijayo atakwenda tena, si kuchimba, ni kwa mipini, na amekwisha kuanza kupasua matawi ya mpera na kuyakausha juu ya utara. Mama yake hataki. Mimi sijajibu.

Kile kipande kikubwa cha shina la muembe kiko bado. Tulikipasua, nusu moja iliharibiwa na ukungu, nusu nyingine ni nzima, na tunataka kuitengeneza kiti. Ufa mmoja umeanza upande wa mwisho ambao tulisahau kupaka nta. Muzee ameweka alama ya makala pale ufa ulipofika, na kila Jumapili kijana anakwenda kuangalia kama umepita ile alama. Mpaka leo haujapita.